Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Beringi ya gurudumu haifi ghafla. Huugua kwanza. Huanza kwa kunung'unika gari likiwa kwenye lami, mlio wa chini chini ambao dereva anaweza kuusingizia tairi, baadaye hunguruma, baadaye kila kona hulalama, na mwenye gari, akiwa na masikio mawili na dhamira moja, hupewa muda mrefu wa kuisikia. Mayunga masikio alikuwa nayo. Asubuhi hiyo, akiwa amepiga magoti kwenye tope la shamba la mahindi la mzee Luhende, kule Ipililo, alikuwa anajiuliza dhamira aliiacha wapi.

Pikapu yake ilikuwa imeinama mbele kushoto, gurudumu limepinda, na nyuma yake mahindi ya watu yamelala mistari miwili. Ni pikapu ya zamani, nyeupe kwa jina tu. Hubeba saruji na mabati kutoka Bariadi, hubeba dagaa kutoka Lamadi, na harufu ya dagaa haijawahi kuitoka hata ioshwe kwa sabuni gani. Mayunga aliipenda na alikijua kila kiungo chake. Kwa hiyo asije mtu akasema hakujua.

Alijua. Alijua tangu mvua zilipoanza. Nyumbani kwake Bariadi aliliinua gurudumu lile kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa, likacheza kama jino la mtoto. Akaenda dukani kwa Salimu, muuza spea, akanunua beringi mpya, ya ndani na ya nje, zote katika boksi moja pamoja na sili yake ya kuzuia grisi isivuje. Salimu alipomkabidhi alimwambia, "Hii usilale nayo, kaka." Mayunga akalitia boksi kwenye droo ya dashibodi na akalala nalo. Leo kulikuwa na mzigo wa dagaa, kesho mwalimu anahamia Maswa na vitanda vyake, keshokutwa mvua. Kila jioni alisema kesho, na kila kesho ilikuja na safari yake.

Angeishia hapo ungekuwa uzembe wa kawaida, na uzembe wa kawaida tumeuzoea, tunaishi nao kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia. Lakini jana asubuhi, kabla ya kuondoka Bariadi, alifanya jambo la pili, na hilo halikuwa uzembe. Alibandua kifuniko cha habu, kile kitovu cha gurudumu, akashindilia grisi mpaka ikafurika. Hakuwa anaponya kitu. Anajua vizuri kwamba grisi haifufui beringi. Alitaka tu gari linyamaze. Alikuwa anakwenda kumchukua mama mkwe wake, na aliona aibu mama mkwe asikie gari la mkwilima wake linalia njiani.

Mkwilima, yaani mume wa binti, na mama wa huyo binti, kwa Wasukuma ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha porini. Likiwapo neno la kuambizana, linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wako hatua chache na wanasikiana vizuri. Mayunga ameoa zamani, ana watoto wanaosoma sekondari, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumwelekezea Kwandu, mama mkwe wake, sentensi hata moja.

Kwandu alikuwa mjane, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi hospitalini Bariadi, wanapasua watu na kuwarudishia dunia, na wangeondoka Ijumaa. Nyanjige, mke wa Mayunga, alikuwa amemwandikisha mama yake. Kazi ya Mayunga ilikuwa moja tu: kumleta.

Jana mchana alimkuta tayari, amevaa kitenge chake kizuri, na kama desturi inavyotaka alipanda nyuma, kwenye bodi, na mwanawe Shija, ndugu wa Nyanjige, akapanda naye. Hawajatoka kijijini mvua ikashuka. Mayunga akasimamisha gari, akamwita Shija, akamwambia amwombe mama aingie mbele. Mama akakataa. Mvua ikazidi. Shija akambembeleza, macho ya mgonjwa hayataki kulowana, mama, hata wazee wangekuelewa. Mwisho Kwandu akashuka, akaingia mbele upande wa kushoto, akajifunika kitenge kichwa kizima, akaugeuzia mlango uso wake na kukalia kipande kidogo cha kiti kadiri alivyoweza. Shija akabaki nyuma chini ya turubai. Ndivyo mkwilima na mama mkwe walivyosafiri ubavu kwa ubavu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Ipililo.

Gurudumu likakaa kimya mpaka darajani. Kisha grisi iliyobaki ikapata joto, ikayeyuka, ikamwagika njiani, na ule mlio ukarudi. Ulirudi na hasira ya kunyamazishwa. Ulitokea chini kabisa ya miguu ya Kwandu. Mayunga alimtazama kwa pembe ya jicho, akaona kitenge hakijatikisika, na badala ya kusimama alinyoosha mkono akafungulia redio. Akaipandisha sauti mpaka mtangazaji akaanza kukwaruza.

Walipofika kwenye mteremko wa shamba la Luhende, gari lilivuta kushoto kwa nguvu. Usukani ulimponyoka. Wakaruka mtaro, wakalaza mahindi, wakasimama. Shija alirushwa kwenye tope laini akainuka mzima. Kwandu aligonga paji la uso kwenye kioo, na mkono wake wa kushoto, aliokuwa amejishikizia nao mlangoni, uliteguka.

Watu walikuja mbio, kama watu wanavyokuja. Wakamtoa mama, wakamkalisha juu ya gunia. Mtu akamuuliza Mayunga, kulikoni? Naye akasema neno ambalo hakuwa amelipanga: "Sijui. Nimeona tu linavutwa upande."

Kwandu alikuwa ameshika mkono wake uliokuwa ukivimba. Akawaambia wanawake waliomzunguka, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa, "Ni mimi. Nimekaa ubavuni mwa mkwilima."

Mayunga alilisikia neno lile. Alikuwa na nafasi ya kulikanusha hapo hapo, mvua ikiwa bado inamtiririka usoni. Hakulikanusha. Tuseme ukweli, kwa kitambo kidogo alishukuru.

Usiku alilala kwa Shija, au tuseme alijilaza. Alfajiri akarudi shambani na Shija, na jeki, na spana zake, na ubao wa kuwekea jeki ili isizame.

"Sasa beringi tutaipata wapi, shemeji?" Shija akauliza baada ya kuliona gurudumu. "Maswa kwenyewe sijui kama wanayo ya gari la umri huu."

Mayunga alifungua droo ya dashibodi akatoa boksi. Lilikuwa jipya, nailoni yake haijachanwa.

Shija akapiga mluzi. "Aisee. Wewe ni mtu wa kujiandaa. Wengine tungelala hapa wiki nzima."

Kuna sifa zinazouma kuliko kofi. Mayunga aliinama kufungua nati ili uso wake usionekane. "Ni ya akiba," akasema, na huo ukawa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi zaidi kuliko wa kwanza.

Walitoa gurudumu. Akafungua breki, akaifunga kwa waya ili isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Akabandua kifuniko cha habu, akachomoa pini, akafungua nati ya kati. Beringi ya nje haikutoka kama beringi. Ilitoka vipande, vyuma vidogo vya mviringo vilivyokuwa vimekatika na kubabuka, vyeusi, vinanuka kuungua. Ya ndani ilikuwa imeng'ang'ania ekseli, na Mayunga ilimbidi aikate kwa tindo, pole pole, asiijeruhi ekseli yenyewe. Kila kipande kilichodondoka alikiweka kwenye kitambaa. Shija alidhani ni unadhifu.

Alikuwa anafuta ekseli kwa msasa mzee Luhende alipofika. Alikuwa amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa limeanza kutoka, na alisimama mbali kidogo, anageuza fimbo yake mkononi.

"Mwangaluka," akasalimia.

"Mwangaluka, mzee. Utusamehe mahindi."

"Achana na mahindi," Luhende akasema. "Mimi ndiye nimekuja kuomba samahani. Ule mtaro niliuchimba mwenyewe, maji yasiniingilie shambani. Nilijua unakula barabara. Mke wangu aliniambia, wewe mzee, utakuja kuangusha gari la mtu. Sikulala, baba."

"Si mtaro wako, mzee."

"Usinifariji. Nimeuona. Umekula barabara kabisa."

Mayunga alifungua kinywa. Mbele yake alisimama mzee mzima, anaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, mwenye kosa kashika msasa. Akasema tu, "Asante, mzee," na Luhende akaenda zake akiwa mwepesi kidogo. Ikawa Mayunga amempokea mtu radhi isiyo yake, kama anayepokea rambirambi za msiba wa jirani na kuzitia mfukoni.

Haikuishia hapo. Akiwa anaigonga kingo ya zamani ya beringi, ile pete ya chuma, itoke ndani ya habu, huku kidogo na kule kidogo isije ikakwama upande, Shija aliyekuwa ameshikilia habu akasema bila kuulizwa, "Mimi najilaumu, shemeji. Mama alikataa kuingia mbele. Alikataa mara mbili. Mimi ndiye nilimlazimisha."

"Ulikuwa unamwonea huruma."

"Huruma yangu imemtegua mkono."

Kisha simu ikalia. Ni Nyanjige kutoka Bariadi, sauti imekwaruza kwa kulia. "Baba Bimdogo, mama anaendeleaje? Mimi ndiye niliyekutuma. Mvua ile niliiona mawinguni, nikasema mwende tu. Ningesubiri siku moja." Mayunga akamwambia asijilaumu, na aliposema hivyo sauti yake ilikuwa ya upole sana, upole wa mwizi anayekusaidia kutafuta. Lawama ile iligombewa na kila mtu isipokuwa mwenyewe.

Saa ya chai alikuja Klementina, mke wa Shija, na birika na sahani ya matobolwa, vile viazi vikavu ambavyo Mayunga siku zote huvila mpaka atanie kwamba ameoa kwa ajili yake. Leo alikishika kimoja tu, akakigeuza geuza.

"Mama amekula?" Shija akauliza.

"Amekunywa uji kidogo." Klementina alikaa juu ya tairi. Ni mwanamke wa maneno, lakini maneno yake leo yalikuwa yanakokota miguu. "Amenituma nimfunge mbuzi mweupe nyuma ya nyumba. Jioni wazee watakuja. Anasema ameyaudhi masamva, mizimu ya wazee wa zamani, na wamemwonyesha waziwazi, hawakumficha."

"Na Bariadi?" Mayunga akauliza. "Madaktari wanaondoka keshokutwa."

"Haendi."

"Haendi leo?"

"Haendi tena, shemeji. Anasema alivunja heshima kwa ajili ya macho, basi macho ndiyo wanayoyataka. Wayachukue. Amesema hata wakija tena mwaka kesho asiandikishwe." Klementina alikuwa anaongea huku anatazama chini. "Asubuhi nilimkuta anapapasa kuta za nyumba, anazipima kwa mkono. Nikamuuliza, mama unafanya nini? Akasema anajifunza."

Shija alimwaga mabaki ya chai yake kwenye majani.

"Mwambie barabara ilikuwa inateleza," Mayunga akasema.

"Nimemwambia. Akasema barabara ni hiyo hiyo ya siku zote. Akasema, mkwilima mwenyewe amekiri kwamba limevutwa, naye ni mtu wa magari, hawezi kukosea."

Klementina alipoondoka na birika lake, Mayunga alirudi kwenye kazi kwa sababu mikono ilikuwa inataka pa kujificha. Aliipandisha kingo mpya ndani ya habu akitumia ile ya zamani kama kigongeo, ili nyundo isiiguse mpya. Akachota grisi kiganjani, akaishindilia beringi mpya, akiisukuma kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, pole pole, kama inavyotakiwa, kama alivyojua siku zote kwamba inatakiwa. Kazi nzima, kukiwa na mtu wa kushika, haikumaliza hata asubuhi. Hilo lilimuumiza kupita yote. Alikuwa amejiambia ni kazi ya siku nzima, na kumbe ilikuwa kazi ya kuisha kabla ya chakula cha mchana, na kwa kuikwepa alikuwa karibu kumfanya mama wa mkewe aishi gizani mpaka kufa.

Akafunga nati huku Shija anazungusha gurudumu, akaikaza, akailegeza kidogo, akarudisha pini. Kisha akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Akalizungusha kwa mkono. Lilizunguka bila sauti, likaendelea kuzunguka, na ule ukimya ndio uliomtoa jasho. Alikuwa amesahau jinsi gurudumu zima linavyonyamaza. Mtu akiishi na kelele muda mrefu huisahau. Na alivyokuwa ameizoea, alitaka kila mtu aizoee.

"Limepona," Shija akasema, anatabasamu.

"Shija," Mayunga akasema. "Hii beringi haikuwa ya akiba."

Akamwambia. Alimwambia hapo shambani, kwa maneno machache, boksi, grisi, redio. Shija alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika spana. Tabasamu lilimtoka taratibu. Hakumtukana, angemtukana ingekuwa nafuu. Aliifuta spana ile, akaiweka kwenye mfuko wa zana, akasema, "Mimi siendi kumwambia mama. Utamwambia wewe."

"Mimi siwezi kumwambia mama."

"Klementina yupo," Shija akasema, na akaingia garini.

Nyumba ya Kwandu ina ua wa minyaa. Mayunga alisimama nje ya ua, mgongo ameuelekeza mlangoni, kama heshima inavyotaka, na kile kitambaa chenye vipande vya beringi amekikumbatia kifuani. Nyuma ya nyumba mbuzi alikuwa analia, hajui ameitiwa nini. Ndani, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Walikuwa wanasikiana hata kupumua. Klementina alisimama katikati, kwenye nafasi ya ua, akijifuta mikono.

"Mwambie mama," Mayunga akaanza, "kwamba nimekuja kumpa pole ya mkono."

"Mama, mkwilima anakupa pole ya mkono."

"Mwambie asimchinje yule mbuzi."

"Anasema usimchinje mbuzi."

"Mwambie gari halikuvutwa na mtu wala masamva. Gurudumu lilikuwa bovu. Lilikuwa bovu tangu mvua zilipoanza, na mimi nilijua."

Klementina alimgeukia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kulirudia neno, ukabaki wazi.

"Mwambie," Mayunga akasema.

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mama," Klementina akasema pole pole, "anasema gurudumu lilikuwa bovu tangu mvua zilipoanza. Anasema alijua."

Kama kuna adhabu iliyotungwa kwa akili, basi ni hiyo. Mtu akiungama kwa kinywa chake huweza kulipaka neno asali kidogo. Sauti hutetemeka, huruma huingia. Mayunga alilisema kosa lake kwa aibu, kisha akalisikia likisemwa upya na mwanamke anayempikia matobolwa, bila kutetemeka, likiwa uchi. Na alipaswa kuendelea.

"Mwambie beringi mpya nilikuwa nayo garini. Ilikuwa mbele ya magoti yake, kwenye droo."

"Anasema chuma kipya kilikuwa mbele ya magoti yako, mama."

"Mwambie nilipaka grisi ili asisikie. Na aliposikia, nikafungulia redio."

Klementina alilirudia hilo pia. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Sasa alikuwa anamshtaki na yeye mwenyewe. Mayunga akainama, akaweka kitambaa chini kwenye mlango wa ua, akakifungua, na vile vyuma vyeusi vikagongana. Klementina akavichukua akaenda navyo ndani. Kwa muda kulisikika mlio mdogo wa chuma kwa chuma: Kwandu alikuwa anavipapasa kimoja kimoja kwa mkono wake mzima, anavinusa, anavirudisha kwenye kitambaa.

Mayunga alisubiri matusi. Alikuwa ameyaandalia mgongo. Kwandu aliongea Kisukuma, sauti ya chini, haikupanda hata mara moja, na Mayunga alisikia kila neno. Bado alilazimika kusubiri Klementina aje kuyasema.

"Mama anasema," Klementina akasema, "alilisikia. Anasema macho yamekwisha lakini masikio hayajambo. Alilisikia linalia tangu mlipopita daraja."

Mayunga alilikumbuka daraja lile.

"Anasema alitaka kusema. Lakini mama mkwe amwambie mkwilima kwamba gari lake linalia? Akajiambia moyoni, huyu ni mtu wa magari, amelisikia kabla yangu. Na ulipofungulia redio akatulia kabisa. Anasema, mtu mwenye hofu hafungulii redio."

Hapo ndipo Mayunga alipofunika uso kwa viganja, na grisi yake yote. Alikuwa ameogopa kumkuta amekasirika. Hakuwa amefikiria kwamba mama mkwe alimwamini, na kwamba kila alichokifanya ili kuficha, yeye kwenye giza lake alikipokea kama ushahidi kwamba wako salama. Alilia, mtu mzima, dereva wa dagaa, nje ya ua wa minyaa, na mbuzi naye analia upande wa pili.

Kwandu aliongea tena, kwa ufupi.

"Mama anasema mfungueni mbuzi," Klementina akasema. "Anasema kama madaktari bado wapo, atakwenda. Ila mbele haingii. Atakaa nyuma, upande ule ule wa kushoto, nami nikae naye. Na anasema," hapa Klementina alijikohoza, "akilisikia tena, hatajali mkwe wala mkwilima. Atagonga bodi."

Waliondoka mchana huo huo, jua limewaka. Shija alitandika godoro nyuma, wakamkalisha mama mkono umefungwa kwa kitenge, Klementina pembeni yake. Mzee Luhende alikuwa kwenye mtaro wake na jembe, anaufukia. Mayunga alisimamisha gari, akateremka, akamwambia na yeye. Luhende aliegemea jembe. "Basi nimesumbuka bure," akasema, kisha akatazama mtaro, akaendelea kufukia.

Redio ilikuwa imezimwa. Mayunga aliendesha huku kioo kimeshushwa na sikio liko nje. Gurudumu lilikuwa kimya, lakini yeye alilisikia likilia kwenye kila kokoto. Mara akadhani ni upepo, mara akadhani ni turubai. Shingo ilimuuma kwa kusikiliza. Walipita Maswa, wakaingia kwenye lami, mahali ambapo beringi mbovu haiwezi kujificha, akaongeza mwendo kidogo. Kimya. Akaanza kuvuta pumzi.

Bodi ikagongwa. Ko, ko.

Hakungoja ya tatu. Alikanyaga breki, akatoka pembeni ya lami, akaruka chini bila kufunga mlango. Akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye habu. Ilikuwa na uvuguvugu wa kawaida. Akalisukuma gurudumu, akalinusa, akainama uvunguni akatazama sili. Hakuona tone. Akabaki amechutama, jasho linamtoka, macho ameyainamisha asije akamtazama mama mkwe usoni.

"Klementina," akaita. "Muulize mama amesikia nini."

Juu, kulikuwa na mnong'ono. Klementina akainama ukingoni mwa bodi, midomo ameibana.

"Mama anasema gurudumu halina neno," akasema. "Alitaka kujua tu kama siku hizi unasikia."

Mayunga alibaki amechutama kitambo, mkono wake bado uko kwenye chuma. Gari moja lilipita kwa kasi, likapiga honi.

"Mwambie nasikia," akasema.